Kishoka cha Kambini: Tusinunue kwa Macho

Ndugu wanachama, msimu wakaribia, na kamati yetu imeleta shauri la kununua vishoka kwa pamoja ili kila kambi ya uchumaji ipate kimoja. Shauri lenyewe ni jema nasi hatulipingi. Tunachokipinga ni kile kilicholetwa mezani kuwa mfano: kishoka cha dukani, kichwa kimepakwa rangi nyekundu, mpini umepigwa vanishi hata unang'aa, kizito kama nyundo na kifupi kama mwiko. Wengi wetu tulikishika, tukakisifu, tukakirudisha mezani. Hakuna hata mmoja aliyetoka nacho uani akapasua ukuni mmoja.

Twaandika haya kwa sababu msimu uliopita kijana wa kambi ya jirani yetu alirudishwa kwao amebebwa. Alikuwa akipasua kuni za chai ya alfajiri kwa kishoka cha namna hiyohiyo, amesimama wima. Kichwa hakikuchomoka, wala yeye hakuwa akifanya mchezo. Aliukosa ukuni tu, na chuma kikaendelea na safari yake mpaka kikatua katika muundi. Msimu wote ule hakupanda mkarafuu, na baba yake akalazimika kutafuta mchumaji wa kulipwa.

Watu wengi hudhani kuwa shoka likiwa fupi ndiyo salama zaidi. Sivyo hata kidogo. Shoka refu ukikosa nalo, aghalabu hupiga ardhi mbele ya miguu yako. Fupi halifiki ardhini; huzunguka na mkono likamrudia mwenyewe. Ndiyo maana mpini usiotimia shibiri moja na nusu hatuutaki kambini. Tunaoutaka ni wa dhiraa moja, au vidole viwili vitatu zaidi, yaani baina ya sentimita 45 na 50. Mpini wa kiasi hicho waingia katika pakacha, na mtu aweza kuushika kwa mkono mmoja akichonga kigingi, au kwa mikono miwili akikata nguzo ya kibanda. Na yule ambaye tayari anacho kifupi, asikitupe: apige magoti na auweke ukuni juu ya gogo, ili pigo likikosa liishie kwenye gogo au mchangani.

Uzito nao wataka kufikiriwa na mtu anayetembea. Wengi wetu mashamba yetu hayako kando ya barabara. Kwa sisi wa Pemba ni kupanda kilima na kuteremka bonde, na kichwani mna mchele, sufuria, kamba na majamvi. Shoka la kilo moja na nusu laachwa nyumbani siku ya pili, na shoka lililoachwa nyumbani halikati kitu. Kichwa cha ratli moja na nusu, kama gramu 700 hivi, chatosha kwa kazi zote za kambi. Chini ya gramu 500 ni afadhali uchukue panga lako. Tena tuseme kweli: mwenye panga zuri na kazi yake ni fito na vijiti, asikimbilie shoka. Shoka huanza kumpita panga pale mti unapozidi unene wa kifundo cha mkono.

Sasa tuje kwenye chuma, maana hapa ndipo tunapodanganywa. Rangi nyekundu haitwambii lolote. Chukua tupa ndogo, uipitishe taratibu kwenye makali. Tupa ikiteleza kama juu ya kioo, makali yale ni magumu mno, yatamegeka kwenye fundo la kwanza. Ikila kwa urahisi kama inakula risasi, ni laini, yatajikunja kabla ya adhuhuri. Yenye kufaa ni yale ambayo tupa yaila, lakini kwa kuombwa. Jaribio hili halichukui hata dakika moja, na muuza duka anayekataa lifanywe amekwisha kukujibu.

Kisha kigeuze kishoka, makali yakutazame jichoni, uangalie kama mstari wa makali na mstari wa mpini ni mmoja. Vikiwa vimepishana, kila pigo litakwenda upande, na hapana mkono wa kulirekebisha. Angalia pia nyuzi za mti katika mpini. Zikienda sambamba kutoka kichwani hata mwisho, mpini utadumu. Zikikatiza ubavuni, utavunjika hapo hapo zilipokatiza. Vanishi nene mara nyingi hupakwa ili usizione nyuzi hizo, na juu ya hayo huutelezesha mkono wenye jasho. Ukikinunua, ikwangue kwa kipande cha chupa.

Kwa nini basi tusiende kwa wahunzi wetu? Shoka la kienyeji, lile ambalo chuma chake kina mkia unaopenya katika kichwa kinene cha mpini, wengine walionea haya siku hizi kana kwamba ni kitu cha makumbusho. Lakini tazameni lilivyotengenezwa. Shoka la tundu hushikwa na kabari, na kabari ikilegea kichwa huruka. La kienyeji, kila pigo lausukuma mkia ndani zaidi, likazidi kushika. Mpini ukivunjika kambini, mtu akata tawi la mpera lenye fundo nene, akalichoma tundu kwa chuma cha moto, na jioni ileile shoka linafanya kazi. Aidha, ukiugeuza mkia ndani ya tundu, shoka limekuwa tezo, na mwenye kuchonga ngazi yuajua faida yake. Kasoro yake ni mbili. Halina kisogo, basi huwezi kugongea kigingi. Na kichwa cha mpini hupasuka kama mti haukukauka vyema. Kwetu sisi kasoro hizo ni ndogo.

Sharti moja tu: chuma kiwe pua. Springi ya gari lililokufa ni pua nzuri, na wahunzi waijua. Kipande cha nondo au cha bati nene kikifuliwa vizuri namna gani hakishiki makali. Basi kamati ikimwagizia mhunzi, impelekee springi zenyewe, isimwachie atafute. Na tumwombe asitie makali yale maji akaishia hapo. Chuma kikishazimishwa hurudishwa motoni kidogo, ugumu ukapungua, la sivyo tutarejea kwenye makali ya kioo tuliyoyataja. Kwa sababu hiyohiyo, msipeleke shoka kwenye jiwe la umeme likasuguliwa hata makali yakageuka rangi ya buluu. Likifika hapo pua imeharibika, na kunoa kwenu kwote kwa baadaye ni kazi bure. Tupa, kinoo na maji vyatosha.

Kuna desturi moja twaomba iachwe, nayo ni ya kulowesha shoka lenye kichwa kilicholegea ndani ya ndoo usiku kucha. Asubuhi kweli limeshika, kwa kuwa mti umevimba. Jua likilipiga siku mbili mti hunywea, ukalegea kuliko jana, na safari hii mwenye shoka anaamini limekaza. Tieni kabari mpya.

Lakini jambo lililotufanya tushike kalamu khasa ni mkarafuu wenyewe. Tukigawa vishoka makambini bila ya neno, twahofia vitapandishwa juu ya miti. Katika miaka ya 1950 wataalamu wawili, Nutman na Roberts, walichunguza maradhi ya mikarafuu katika visiwa hivi, na mojawapo ya waliyoyaeleza ni ukungu unaokausha matawi, ambao mlango wake ni jeraha: tawi lililovunjwa, gome lililochunwa. Shoka juu ya tawi bichi haliachi jeraha safi. Hulichana na kulipasua, maji yakakaa, na ukungu ukapata nyumba. Tawi linalokauka likatwe kwa msumeno mdogo, chini ya pale ulipokoma ukavu, ndani ya mti ulio mzima, na lipelekwe mbali likachomwe. Kishoka kibaki chini, kwa kuni zilizokwisha kufa, nguzo na vigingi.

Wazee wetu walihadithiwa kimbunga cha tarehe 15 Aprili 1872, kilichoangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja kwa siku moja. Upepo ule hapana aliyeweza kuuzuia. Jeraha la shoka twaweza kulizuia, nasi twajua kuwa mche unaopandwa leo utatutaka miaka sita au zaidi kabla haujatupa karafuu za kuanika.

Kwa hiyo rai yetu kwa kamati ni hii. Fedha zilizotengwa zisiende zote dukani. Zigawanywe: vishoka vya mhunzi, kimoja kwa kila kambi, na kwa zilizobaki inunuliwe misumeno ya mkono, hata ikiwa kambi mbili zitatumia mmoja. Kila kishoka kitolewe na ala yake. Kipande cha mpira wa gurudumu kilichoshonwa kwa waya ni ala nzuri, na watoto wanaobebeshwa mizigo njiani hawatakatwa migongo. Makali yapakwe mafuta ya nazi kabla ya kufungwa ndani, kwani hewa yetu ya chumvi haimsubiri mtu.

Wenye vyuma vya zamani vilivyokufa mipini, au springi zilizolala uani, wavilete ofisini kabla ya mkutano ujao. Tupa itakuwa mezani, na kile kishoka chekundu pia, na safari hii uani kutakuwa na gogo.