Kamba Barabarani Haipalilii Shamba

Ndugu mwandishi mmoja anadai kwamba vijana wa jimbo la Tanganyika, nchini Kongo (DRC), wakizuiwa kuzunguka kati ya Nyunzu, Manono na Kalemie, mashamba yatapata mikono ya kutosha na mavuno yatapanda. Hoja tamu, ila ilishajaribiwa. Wabelgiji walimtaka mkulima awe na kibali ndipo aondoke katika eneo lake, na kuanzia 1917 wakamlazimisha kulima pamba. Mikono ilibaki, ari haikubaki.

Mahindi hayangoji. Mvua zikishaanza, palizi ina wiki chache tu. Magugu yakitangulia, hata ukileta vibarua ishirini umechelewa. Sasa mtazame kibarua anayetoka kambi ya deplase, yaani wakimbizi wa ndani, pembeni ya Kalemie, jembe begani, mihogo ya kuchemsha kwenye mfuko wa nailoni. Kwenye kizuizi cha kwanza, kamba iliyofungwa barabarani, anadaiwa pesa, cha pili vilevile. Ujira unaishia njiani kabla hajaupata. Basi anabaki kukwangua kipande kilichochoka karibu na kambi, huku shamba lenye rutuba alilolikimbia katika vita vya Waluba na Watwa likiota nyasi. Huo ndio uhaba wa mikono unaolalamikiwa!

Nakubali, kibarua asiye na pa kwenda hulipwa kidogo. Lakini ujira mdogo si tija, na mwenye shamba huiona tofauti siku ya kuhesabu magunia.

Katiba yetu ya 2006, kifungu cha 30, inatupa haki ya kutembea nchini kwa uhuru. Wakubwa wa jimbo, ondoeni kamba hizo kabla ya msimu ujao wa kupanda.