Meza Si Mlevi

Nimeleta meza ya pool kwa Mama, na sasa nusu ya Makutano inasema nimefungua baa. Wacha niwajibu mara moja, kisha nirudi kucheza.

Niliinunua Embu kwa mwenye baa aliyekuwa akifunga biashara. KSh 38,000, mipira yote ikiwepo, fimbo tatu, kitambaa kimechanika kidogo. Usichoambiwa ni kwamba chini ya kile kitambaa kuna jiwe. Tulikuwa wanaume sita kuipandisha kwa pikapu, na tulipoteremka Nithi hakuna aliyeongea, hata dereva. Kufika Meru ikabidi tung'oe mlango. Fundi akashinda jioni nzima na pima maji, akisukuma vipande vya mbao chini ya miguu, maana meza ikiinama kidogo tu mpira unajiendea wenyewe. Ile mashine ya kumeza shilingi 20 nikaitoa. Hapa hakuna anayelipa.

Sasa lawama. Eti pool inaleta uvivu. Mwaka jana ndugu yangu mdogo alilala seli kwa kushika fimbo saa nane mchana, bila kuonja hata tone. Meza ilibebwa, naye kesho yake akakosa kazi ya mjengo. Walimwita mvivu, kisha wakamkosesha kazi.

Sheria ya vileo ya 2010, ile tunayoiita ya Mututho, inataka baa zifunguliwe saa kumi na moja jioni siku za kazi. Inaongea juu ya pombe. Lakini kumsaka anayepika sumu usiku ni kazi ngumu. Meza ina miguu na haikimbii, kwa hiyo inakamatwa meza.

Na mbona mchezo huu ukiingia klabuni unaitwa spoti? Snuka, ndugu mkubwa wa pool, ilianzishwa 1875 huko Jabalpur, India, na maafisa wa jeshi la Uingereza waliokosa la kufanya msimu wa mvua. Mwaka 1998 ilichezwa kwenye Michezo ya Asia kule Bangkok, watu wakavishwa medali. Mheshimiwa akiinama juu ya meza klabuni, glasi ya wiski kando yake, anapumzisha akili. Kijana wa Dallas kule Embu akiinama vilevile, ni mhalifu.

Najua mtaniambia kuhusu dau, na watoto wanaotoroka shule. Ni kweli, nimeyaona. Nimemwona mtu akicheza pesa ya unga wa watoto. Lakini meza ikiwekwa hatua mbili kutoka kaunta ya keg mlitarajia nini? Itenganisheni na chupa. Kila wadi iwe na ukumbi wenye meza mbili, taa nzuri na mtu mzima wa kusimamia. Kuchoma meza hakujampa kijana yeyote kazi.

Mama alinuna siku mbili. Siku ya tatu akaniuliza kwa nini mpira mweusi unaachwa mwisho. Siku hizi ndugu yangu anakuwa nyumbani kufikia saa moja jioni, na marafiki zake wanne, na sufuria ya chai inaisha haraka kuliko zamani.

Chifu, karibu. Mlango tumeurudisha, lakini mchana hatuufungi.