Habari za siku katika darasa zetu

Mwishoni mwa Januari 2025, mji wa Goma ulipoangukia mikononi mwa M23, watoto wetu hapa Kamina walijua habari hiyo kabla ya walimu wao. Waliipokea katika simu za kaka zao, kwa sauti za watu wasiojulikana, pamoja na hesabu za wafu zilizobadilika kila saa. Asubuhi yake tuliingia darasani, tukafungua kitabu cha historia mahali tulipoachia, kwenye falme za Misri ya kale. Wanafunzi walitutazama kama wanavyotazamwa watu wasiosikia.

Tunaamini kwamba habari za siku zina haki ya kuingia darasani, na kwamba ni mwalimu anayepaswa kuzifungulia mlango. Wenzetu wengi hawakubali. Wanasema programu ni ndefu, na Mtihani wa Taifa hauulizi habari za redio. Wanasema pia, kwa sauti ya chini, kwamba siasa huleta kesi, na mtu ambaye mshahara wake haumfikishi mwisho wa mwezi hatafuti kesi. Hofu hiyo tunaielewa. Ibara ya 24 ya Katiba ya 2006 inamtambulia kila mtu haki ya kupata habari, lakini Katiba haisimami mlangoni siku mkubwa fulani anapokuja kuuliza tulifundisha nini. Kuhusu mtihani, hatukubaliani nao hata kidogo. Mtihani una insha, na vijana wetu wanaikabili kwa utangulizi waliokariri mwaka mzima, uleule kwa kila mada. Hawana la kusema kwa sababu hatukuwahi kuwauliza wanaona nini.

Hata hivyo mlango huo unaweza kufunguliwa vibaya, nasi tuliufungua vibaya. Miaka michache iliyopita tuligawa darasa mafungu mawili, moja litetee na moja lipinge, juu ya watu wanaoshuka katika treni kutoka Kasai kutafuta kazi upande wa kusini. Tulidhani tunafundisha kujieleza. Kabla ya nusu saa kupita, mafungu hayakuwa yale tuliyoyagawa sisi. Yalikuwa ya makabila. Msichana mmoja ambaye baba yake ni wa Mwene-Ditu alikusanya madaftari yake, akatoka bila kuomba ruhusa, na hatukuwa na uso wa kumrudisha. Kosa lilikuwa letu.

Na sisi tulipaswa kujua. Watu wa umri wetu walikuwa vijana mwaka 1992 na 1993, Wakasai walipofukuzwa Likasi na Kolwezi. Familia nzima zililala vituoni zikingoja treni, na njia ya reli iendayo Mwene-Ditu inapita hapa kwetu. Kabla ya fimbo kulikuwa na maneno: hotuba, na uvumi ambao jirani alimpa jirani akiuita habari. Waliouamini walikuwa wamesoma shule. Wengi walikuwa na diploma.

Tangu siku ile ya msichana tumerudi kwenye njia ya zamani, ile ya padre Mbelgiji Joseph Cardijn aliyeanzisha chama cha vijana wafanyakazi Wakristu mwaka 1925: kuona, kupima, kutenda. Papa Yohane XXIII aliitaja katika barua yake Mater et Magistra ya mwaka 1961, na mashirika yetu yanaijua. Darasani sisi hukaa sana juu ya kuona, kwa maana hapo ndipo tunapoharakisha.

Tunachagua habari moja kwa juma, yenye umri wa siku saba au zaidi, ili moto wake upungue. Magazeti hapa ni haba, kwa hiyo mwalimu husikiliza taarifa ya Redio Okapi na kuandika mistari minane ubaoni. Chaki inatosha. Wanafunzi hunakili, kisha hupiga mstari mmoja chini ya jambo ambalo mtu alilishuhudia, mistari miwili chini ya jambo ambalo mtu alilisema tu, na duara kuzunguka kila neno linalohukumu. Mara nyingi mistari miwili huwa mingi kuliko mmoja, nao hushangaa. Kwa kuwa redio hiyo, tangu ilipoanza mwaka 2002, inatangaza kwa Kifaransa na kwa lugha zetu nne za taifa, tunaweza kuilinganisha habari moja katika lugha mbili: nani ameitwa mwasi huku, na mpiganaji kule? Mwishoni tunauliza: nani hakuulizwa katika habari hii? Swali hilo ndilo tunalolipenda kuliko yote.

Somo lililofaulu zaidi halikuwa la vita. Februari 2024 Zambia ilitangaza ukame wake kuwa janga la taifa. Tuliwatuma wanafunzi sokoni, kila mmoja awaulize mama watatu bei ya kipimo cha unga na sababu yake. Walirudi na bei zisizolingana na ugomvi mzuri: kwa nini ukame wa Zambia uguse bukari yetu, na Kaniama iliyo ndani ya jimbo letu inalima mahindi? Mama mmoja alikuwa amejibu kwamba Lubumbashi ikikosa unga wa Zambia, wanunuzi wake hupanda mpaka huku. Siku hiyo ramani, hesabu na Kifaransa vilifundishwa kwa pamoja, na hakuna aliyeuliza kengele italia lini.

Tunapendekeza basi kwamba vijana wa mwaka wa mwisho wa sehemu ya ualimu, kabla ya kutoa somo lao la majaribio, watoe kwanza somo moja la habari mbele ya wenzao, na mwalimu mzoefu aketi nyuma. Watakosea, kama sisi. Ila watakosea mbele ya wenzao wa umri mmoja, kabla hajawepo mtoto wa kukusanya madaftari yake.