Nambari ya Shosho Haikuwa Yangu Kupeana

Wasee, leo hakuna video. Nimeamua kuandika, kwa sababu hii stori nikiisema mbele ya kamera nitaanza kujitetea, na sitaki kujitetea.

Mwaka jana maikrofoni yangu iliharibika wiki ile nilikuwa na kazi ya harusi huko Bahati. Mteja alikuwa alipe baada ya kazi, na fundi hapa Section 58 alitaka pesa kwanza. Saa tano usiku, niko kwa keja, nikapakua apu ya mikopo kutoka kwa linki niliyotumiwa kwa meseji. Haikuwa kwa duka la apu, ilikuwa linki tu imeingia hivi. Ikaniuliza maswali manne. Isome meseji? Ruhusu. Picha? Ruhusu. Mahali ulipo? Ruhusu. Majina yote ya watu kwa simu? Ruhusu. Sidhani kama nilichukua hata sekunde kumi. Niliomba 2,500, nikaingiziwa 1,900 baada ya kukatwa kitu waliita ada, na nikaambiwa nirudishe 2,500 ndani ya siku saba.

Mteja akachelewa kunilipa. Siku ya nane simu yangu ikalia mchana kutwa. Siku ya tisa wakaachana na mimi, wakaanza kwa watu wangu. Walimpigia mwalimu wangu wa sekondari. Walimpigia mama wa chapo pale steji, mwekahazina wa chama cha mathe, na jamaa mmoja wa Kaptembwo ambaye nilimuuzia kiti miaka mitatu iliyopita na hatujawahi kuongea tena. Kila mmoja alipata meseji inayosema mimi ni mwizi na yeye ni mdhamini wangu.

Halafu wakampigia shosho, Molo.

Shosho ana kabambe. Hajawahi kupakua apu, hajawahi kubonyeza "kubali" mahali popote. Alipigiwa mara tatu asubuhi moja akaambiwa mjukuu wake atashikwa na polisi kabla jioni. Akachukua pesa ya maziwa, akatembea hadi kwa M-Pesa, akanitumia 500. Ndipo akanipigia. Hakunigombeza hata kidogo. Aliniuliza swali moja tu: "Na hawa watu, nambari yangu walipewa na nani?"

Nilimwambia sijui. Nilidanganya. Nilijua vizuri kabisa ni nani.

Najua mtakachosema, kwa sababu mbogi yangu ilisema hivyo hivyo: si ungelipa deni tu? Sawa. Deni lilikuwa langu na nililipa, pamoja na faini. Sisemi watu wakope halafu wapotee. Lakini angalieni vizuri nilichoweka rehani usiku ule. Sikuweka runinga yangu, sikuweka kamera. Niliweka watu 612, mmoja mmoja na jina lake, na hakuna hata mmoja niliyemuuliza. Mtu akikupa nambari yake anakupa wewe. Mama wa chapo alinipa yake ndio niweze kuagiza mapema. Mwalimu alinipa yake nikiwa natafuta barua ya kuombea kazi. Hakuna aliyeniambia nishike hii, ukikwama uwauzie.

Tukiongea mambo ya faragha huku mtaani, kuna mtu lazima aseme "mimi sina cha kuficha." Buda, unapanda matatu ya Free Area, unataka kuangalia salio la M-Pesa, na unainamisha simu hadi inagusa kifua. Wewe una cha kuficha, na hakuna ubaya. Lakini hata tukikubali hauna, bado hilo ni jibu lako wewe. Kwa simu yako kuna watu mia kadhaa, na wao hukuwauliza kama wana cha kuficha. Kuna dada aliyehama kumtoroka mtu na akabadilisha laini. Kuna mgonjwa ambaye umemwandika kwa jina la kliniki yake. Ukibonyeza Ruhusu, hao wote wanaenda. Apu inaweza kunakili orodha nzima na kuipeleka kwa kompyuta ya mwenyewe, na ukishaifuta apu kwa hasira, ile nakala haifutiki nayo.

Sasa, kitu ambacho sikujua usiku ule, na ndicho kilinifanya niandike: sheria ya Kenya iko upande wa shosho.

Katiba ya 2010, kifungu cha 31, inampa kila mtu haki ya faragha. Mwaka wa 2019 tukapata Sheria ya Kulinda Data. Hiyo sheria inasema una haki ya kuambiwa data yako inatumiwa kufanya nini, kuiona, kukataa itumiwe, kurekebisha ya uongo, na kuomba ya uongo au ya kupotosha ifutwe. Inasema pia data ikusanywe moja kwa moja kutoka kwa mwenyewe, isipokuwa kwa hali chache zilizotajwa. Mwenye nambari ya shosho ni shosho. Ruhusa yangu haiwezi kusimama badala ya yake.

Na kwa mikopo hasa, Benki Kuu ilitoa kanuni za wakopeshaji wa kidijitali mwaka wa 2022. Kanuni hizo zinamkataza mkopeshaji kuingia kwa orodha yako ya majina ili awatumie watu meseji wakati umechelewa kulipa. Zinamkataza pia kutishia na kutukana. Mwaka wa 2023 hata Google ilibadilisha masharti ya duka lake, ikasema apu za mikopo ya kibinafsi haziruhusiwi kugusa majina wala picha za mtu. Ndiyo maana ile yangu ilikuja kwa linki. Mlango wa mbele ulikuwa umefungwa, nikaifungulia wa nyuma mimi mwenyewe.

Mnaweza kusema sheria Kenya ni karatasi tu. Nilikuwa nasema hivyo pia. Lakini Septemba 2023 Ofisi ya Kamishna wa Kulinda Data ilipiga faini kampuni ya Mulla Pride, iliyokuwa na apu za KeCredit na Faircash, shilingi 2,975,000. Kosa lao lilikuwa kutumia majina na nambari walizopata kutoka kwa watu wengine, kuwatumia watu vitisho na kuwapigia simu. Soma tena hapo kwa "watu wengine." Hiyo ni kesi ya kina shosho. Mwezi huo huo shule moja ilipigwa faini ya 4,550,000 kwa kuweka picha za watoto mtandaoni bila idhini ya wazazi, na baa moja ya Nairobi 1,850,000 kwa kuweka picha ya mteja bila kumuuliza. Hiyo ya baa na mimi ilinishtua, kwa sababu nimewahi kurekodi watu wakicheza nikaweka tu. Waundaji wenzangu, hii inatuhusu pia.

Kuna kitu kingine tunajidanganya nacho, kwamba ukibonyeza Kubali basi umekubali. Mnakumbuka Worldcoin, Julai 2023? Foleni ilizunguka KICC, watu wakipigwa picha ya mboni za macho ili wapate sarafu za kidijitali za kama shilingi 7,000. Serikali ikasimamisha mwanzoni mwa Agosti. Mei 2025 Mahakama Kuu ikaamuru data hiyo ya Wakenya ifutwe ndani ya siku saba, ofisi ya Kamishna ikisimamia, na ikakataa mtindo wa kukusanya idhini kwa kushawishi watu na hizo sarafu. Mimi sikupanga foleni KICC, lakini saa tano usiku na maikrofoni mbovu nilikuwa kwa foleni hiyo hiyo. Shida ikikubana unaruhusu chochote, na hao watu wanajua saa ya kukutumia linki. Tofauti yetu ni kwamba waliopanga foleni walitoa macho yao wenyewe. Mimi nilitoa ya wengine.

Sasa nije kwa programu huru, kwa sababu watu wanafikiri ni mambo ya vijana wa kompyuta peke yao. Wazo lenyewe ni la zamani, Richard Stallman alitangaza mradi wake wa GNU mwaka wa 1983. Linasema hivi: mwenye kutumia programu awe huru kuitumia anavyotaka, kuangalia inavyofanya kazi ndani, kuibadilisha, na kumpa mwingine. Msimbo wake uko wazi, yaani yale maandishi yanayoiambia simu ifanye nini.

Fikiria mama wa chapo. Anakanda mbele yako, unaona unga, unaona mafuta, unaona mikono. Wewe huenda hujui kupika chapo, lakini kwa foleni kuna mtu anajua, na akiona kitu kibaya atapiga kelele. Sasa fikiria chapo inayotoka kwa chumba kilichofungwa, na mlangoni kuna karatasi ya kurasa arobaini inayosema ukila umekubali. Apu nyingi kwa simu zetu ni hiyo ya pili.

Na usione kama ni kitu cha wazungu. Mwanzo wa 2008, wakati Nakuru na Naivasha zilikuwa zinawaka na watu hawajui ni wapi salama, Wakenya wachache waliunda Ushahidi, mahali pa kuripoti fujo kwa meseji na kwa mtandao na kuziona kwa ramani. Msimbo waliuachilia wazi. Miaka miwili baadaye, tetemeko la Haiti la 2010, watu wa huko mbali wakautumia kutafuta waliokwama. Hawakuhitaji kuomba mtu ruhusa. Programu hiyo ilitoka hapa, na jina lake ni la Kiswahili.

Nisiwadanganye lakini. Hakuna programu huru itakayokukopesha elfu mbili. Na hata programu huru inaweza kuomba majina yako, tofauti ni kwamba kuna mtu wa nje anayeweza kukagua inayapeleka wapi. Kitu inafanya ni kupunguza milango. Kwa simu yangu nilikuwa na tochi, kikokotoo na kibodi, na zote tatu zilikuwa na ruhusa ya majina. Tochi inataka nambari ya shosho ya nini? Nilizitoa, nikaweka za F-Droid, duka la programu huru za Android, ambazo hazikuniuliza kitu. Meseji za mbogi tukahamia Signal, ambayo msimbo wake uko wazi. Hiyo ilichukua Jumamosi moja na bando kidogo.

Kwa hivyo ninachowaomba ni vitu vitatu, na hakuna kinachohitaji ujue kompyuta.

Kwanza, kabla ulale leo, ingia kwa mipangilio ya simu, tafuta faragha, kisha ruhusa, kisha majina. Utaona orodha ya apu zote zinazosoma watu wako. Ile haina sababu, izime. Picha ya skrini mnitumie, tushtuke pamoja.

Pili, fomu ikikuuliza mdhamini, mpigie huyo mtu kwanza. Mwambie ni nani anataka nambari yake, na ni ya nini. Akikataa, amekataa. Kwa nyumba ya mtu unapiga hodi, na kwa nambari yake ni vivyo hivyo.

Tatu, mtu wako akipigiwa kwa sababu ya deni ambalo si lake, au picha yake ikawekwa bila kuulizwa, msimwambie avumilie. Ofisi ya Kamishna iko na tawi hapa Nakuru, huhitaji kwenda Nairobi. Sheria inasema malalamiko yachunguzwe na kumalizwa ndani ya siku 90. Na inasema kitu kingine ambacho nimekisoma mara kadhaa nikimfikiria mtu mmoja: unaweza kulalamika kwa maandishi au kwa mdomo, na ukisema kwa mdomo wao ndio wataandika.

Jumapili iliyopita nilipanda matatu nikaenda Molo. Nilimrudishia shosho 500 yake, akaikunja akaiweka kwa kitambaa bila kuhesabu. Halafu nikamjibu lile swali. Nikamwambia, shosho, nambari yako niliwapa mimi. Usiku, bila kukuuliza, pamoja na za watu wengine 611.

Alikaa kimya kidogo. Kisha akaniuliza kama wengine nimewaambia.

Sikuwa nimewaambia. Kwa hivyo wiki hii yote nimekuwa nikipiga simu, naanza na waliosumbuliwa. Mama wa chapo alicheka. Mwalimu alinyamaza sana, na hiyo iliuma kuliko angenigombeza. Yule jamaa wa kiti alikata simu. Na shosho nimemwambia kwamba mimi ndiye nilikopa, lakini haki iliyovunjwa ni yake, kwa hivyo mlalamikaji ni yeye. Anasema ataniambia akishamaliza kupalilia. Akikubali, nitamleta mjini mwenyewe, akae kwa hicho kiti, aongee kwa mdomo wake, na wao waandike.