Bahati mbaya gani hiyo?

Ndugu zetu wakimbizi wa Jinja na Mbale, tuambiane ukweli. Mtoto akimwagikiwa chai ya moto, watu wanasema ni bahati mbaya, ao wanamlaumu mama. Kesho yake sigiri iko palepale: chini, mlangoni, kwenye njia ya mtoto. Bahati mbaya gani hiyo inayojulikana inapokaa?

Chumba ni kimoja. Humo tunapika, humo tunalala, humo watoto wanacheza. Mama anapika huku amebeba mtoto, wanaume wako nje na simu wanangoja posho. Halafu mzembe ni mama?

Wanaume, inukeni! Jengeni kona ya kupikia kwa tofali na udongo, sigiri ikae juu, mtoto asiifikie. Mmoja akipika, mwingine ashike mtoto. Maji ya kuoga, tangulizeni ya baridi kwenye beseni, ndipo ya moto.

Na mtoto akiungua, wekeni mbali dawa ya meno, mayai na unga! Mmiminieni maji safi ya baridi polepole, dakika 20. Jerikani moja ya lita 20 inatosha: lita moja kila dakika. Barafu hapana. Funikeni na kitambaa safi, mkimbilie hospitali.

Wataalamu wakubwa wa majeraha ya moto wako Kiruddu, Kampala. Toka Mbale ni zaidi ya kilomita 200. Kovu likikaza vidole, mtoto atashika kalamu namna gani? Tofali ni rahisi kuliko nauli hiyo. Tuanze leo.