Sanduku la kufuli tatu



Benki hutaka dhamana. Wewe mvuvi au mkulima wa pamba unayo dhamana gani? Dhamana yako ni jirani anayekujua.

Vikundi vya kuweka na kukopa vilianza kwa akina mama wa Niger mwaka 1991. Leo viko hata vijijini kwetu Mwanza. Wanachama hununua hisa kila mkutano. Fedha hutiwa katika sanduku la kufuli tatu. Watu watatu hushika funguo. Mtunza sanduku hashiki hata mmoja. Mwenye haja hukopa, kisha hurudisha na riba. Riba hiyo haiendi kwa tajiri. Mwisho wa mzunguko wanachama hugawana kwa kadiri ya hisa zao.

Kopa kwa kipimo. Mvuvi wa dagaa, usiahidi kulipa wakati wa mbalamwezi. Dagaa huvuliwa usiku wa giza.

Kisajilini kikundi chenu. Sheria ya mwaka 2018 inataka hivyo.

Sasa unajua kusoma. Kila mkutano fungua kitabu chako mwenyewe. Mhuri mmoja ni hisa moja. Hesabu mihuri yako. Usingoje kusomewa. Anayeandika bila kukaguliwa ameshika fedha zenu zote, hata sanduku likiwa na kufuli tatu.