HISANI BILA HAKI HAITOSHI

Mnyonge hana haki, walisema wahenga. Maneno hayo hayakusudiwi kuibariki dhuluma. Ni ushahidi wa yale waliyoyaona. Historia ya kazi ya ustawi wa jamii ni historia ya ubishi juu ya maneno hayo. Je, kumsaidia mnyonge ni kumpa sadaka apate kuvumilia unyonge wake, au ni kuondoa kile kilichomfanya awe mnyonge?

Uingereza ya karne ya 19 ilijibu kwa ukatili. Sheria ya Maskini ya mwaka 1834 ilikusudia kwamba mtu mzima mwenye nguvu asipate msaada ila kwa kuingia katika nyumba za kazi, ambamo maisha yalifanywa makusudi yawe duni kuliko ya kibarua wa chini kabisa aliyekuwa nje. Mume alitengwa na mkewe, na watoto wakatengwa na wazazi wao. Mwaka 1869 kikaundwa mjini London chama cha kuratibu hisani. Wajumbe wake walipita nyumba kwa nyumba wakichunguza mienendo ya wenye shida, wapate kujua nani anastahili msaada na nani hastahili. Ni haki kukiri kwamba mbinu nyingi za kazi hii zilikomalia hapo: kumtembelea mwenye shida, kumsikiliza, na kuandika habari zake katika jalada. Lakini jalada lile liliuliza mtu huyu ana kasoro gani. Halikuuliza analipwa ujira gani.

Walikuwapo waliouliza. Mwaka 1889 Jane Addams na Ellen Gates Starr walifungua Hull House mjini Chicago, wakaishi miongoni mwa wahamiaji maskini badala ya kuwatembelea na kuondoka. Florence Kelley, aliyejiunga nao baadaye, alichunguza vyumba ambamo wanawake na watoto walishona nguo kwa ujira wa kijungujiko, akaupeleka ushahidi wake kwa watunga sheria. Mwaka 1893 jimbo la Illinois likapiga marufuku kuwaajiri viwandani watoto wa chini ya miaka 14, na likaweka kikomo cha saa 8 za kazi kwa siku kwa wanawake. Kelley mwenyewe akateuliwa kuwa mkaguzi mkuu wa viwanda. Wenye viwanda nao hawakulala. Mwaka 1895 mahakama ya juu ya jimbo hilo ikakifuta kifungu cha saa 8, kwa hoja kwamba kinaingilia uhuru wa kufanya mikataba. Uhuru wa nani? Wa mshonaji mwenye njaa kupatana na tajiri mwenye kiwanda!

Hata hivyo mbegu ilikuwa imepandwa. Clement Attlee, aliyefanya kazi miongoni mwa vijana maskini wa mashariki ya London na kuandika kitabu juu ya kazi hiyo mwaka 1920, alikuwa Waziri Mkuu mwaka 1945. Mwaka 1948 serikali yake ikayafuta masalio ya Sheria ya Maskini, miaka 114 tangu itungwe.

Yako mafunzo kwa watumishi wa umma na walimu wa Tanzania, nchi ambayo katika Azimio la Arusha la mwaka 1967 ilitangaza usawa wa binadamu. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inampa afisa ustawi wa jamii dhamana ya kumlinda mtoto, na inamtaka kila mwananchi mwenye habari za mtoto anayenyimwa haki zake azifikishe kwa serikali ya mtaa wake. Mwalimu anayemwona mwanafunzi akisinzia darasani kwa njaa au kwa kazi za usiku ana habari hizo.

Atakuwapo wa kusema kwamba mwenye njaa hawezi kungojea sheria. Ni kweli, apewe chakula leo. Lakini majalada 20 ya watoto wa kijiji kimoja, wenye shida ile ile, si shida 20. Ni shida moja yenye chanzo kimoja, na afisa anayeyafungia kabatini moja moja hajamaliza kazi yake. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Ayakusanye, aandike chanzo hicho, na aupeleke ushahidi huo mbele ya wenye mamlaka ya kuamua. Mnyonge hatapata haki yake kwa kuonewa huruma peke yake.